Taa za UV kwa tanki la matumbawe: ipi inafaa Mombasa na ipi ni hasara

Vifaa vya UV, yaani taa za kuua vijidudu vilivyomo kwenye maji ya tanki, vinavyofika mikononi mwa wafugaji wa matumbawe hapa Mombasa ni vya namna tatu. Kuna kile kidogo cha wati 9 cha kuzamisha ndani ya tanki, chenye pampu yake humo humo. Kuna silinda ya chuma cha pua inayouzwa na mafundi wa mitambo ya maji ya kunywa, wale wanaofunga mashine za vituo vya kujazia mitungi. Na kuna bomba la plastiki nzito lenye taa ya wati 18, 36 au 55, linalofungwa nje ya tanki na kulishwa na pampu yake ya pembeni. Hili la mwisho aghalabu huagizwa mtandaoni, au hupewa jamaa anayetoka Dubai alilete kwenye begi.

Kwa tanki la lita 400 hivi, hukumu yetu ni hii: cha kwanza ni dhaifu, cha pili ni hatari, na cha tatu ni kizuri sana mradi mtiririko wa maji umepangwa sawasawa. Sharti hilo la mtiririko ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Muuzaji anakutajia wati, nawe unalipia wati, lakini kinachoamua kama kimelea atakufa au atapita salama ni sekunde alizokaa mbele ya taa.

Taa hizi ni za zebaki ya mgandamizo mdogo. Mwanga unaofanya kazi ni wa nanomita 253.7, ndio uitwao UV-C, nao huharibu DNA ya kiumbe asiweze tena kugawanyika. Hugusa tu kile kilichobebwa na maji na kupitishwa ndani ya bomba. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha naitreti wanaishi juu ya mawe na ndani ya mchanga, kwa hiyo hawadhuriki. Hofu ya kwamba UV "itaua tanki" haina msingi. Vivyo hivyo, mwani ulioshika kwenye kioo hautaondoka hata ukiwasha taa mwaka mzima.

Kipimo cha kazi ni dozi, yaani nguvu ya mwanga mara muda, na huandikwa kwa mikrowati-sekunde kwa kila sentimita ya mraba. Bakteria wengi na mwani unaoelea huhitaji kati ya 15,000 na 30,000. Vimelea vyenye seli kubwa ni wagumu zaidi: watengenezaji hutaja 90,000 kwenda juu, na kwa Cryptocaryon irritans, yule kimelea anayewatia samaki madoa meupe, hutajwa hata zaidi ya laki mbili. Shika tarakimu hizi, kwa maana ndizo zitakazotenganisha vifaa vyetu vitatu.

Tuanze na kile cha wati 9. Taa yake ni ya PL-S (mirija miwili mifupi iliyoungana), yenye kitako cha G23 cha pini mbili, na ikiwa mpya na ya mtengenezaji makini hutoa UV-C ya wati 2.4 hivi, umeme uliobaki unaishia kuwa joto na mwanga wa aina nyingine. Chumba cha maji ndani yake ni robo lita au pungufu, na pampu iliyofungwa humo husukuma lita 800 kwa saa au zaidi. Maji yanakaa mbele ya taa kwa sekunde moja na kidogo. Ukipiga hesabu na kutoa kile kinachopotea kwenye kioo na ndani ya maji, dozi haizidi sana 10,000. Haimfikii hata bakteria mgumu kidogo, seuze kimelea. Kwenye tanki la lita 60 au 80 lenye maji ya kijani, kifaa hiki kitasafisha maji, kwa kuwa hayo hayo maji yanapita mara nyingi na mwani unaoelea ni dhaifu. Kwenye tanki la matumbawe la lita 400, ni pambo la bluu.

Tatizo lake la pili ni kwamba nyaya ziko chini ya maji. Mpira wa kuzibia ukichoka, chumvi inaingia kwenye kitako cha taa, pini zinaota kutu ya kijani, na umeme unaanza kuvujia kwenye tanki. Kwa mazingira yetu, ambapo chumvi inakula hata bawaba za mlango, huo si mpango wa kuuamini. Anayekitumia hata hivyo, asikichomeke kwenye soketi isiyo na waya wa ethi wala swichi inayokata umeme unapovuja.

Na kuna taa bandia. Nyingi za bei ya chini mno ni kioo cha kawaida chenye mwanga wa samawati, na kioo cha kawaida huzuia UV-C karibu yote. Usiruhusu rangi ya samawati ikudanganye. Ni mwanga wa kawaida wa zebaki, unaonekana hata pale UV-C imekwisha au haikuwepo tangu mwanzo. Taa halisi ina kioo kisafi kabisa kisicho na unga mweupe ndani, na imeandikwa alama ya UV-C pamoja na onyo la macho na ngozi. Zipo kadi ndogo zinazobadilika rangi zikipigwa na UV-C, na kadi moja ndani ya mfuko wa mzigo inakuepusha na mabishano mengi na muuzaji. Unapojaribu, funika taa kwa sanduku, vaa miwani ya kinga na mikono mirefu. Dakika chache za kuitazama ikiwa wazi zinatosha kuunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwasha kama yaliyomwagiwa mchanga.

Silinda ya chuma cha pua ndiyo inayowavuta wengi, kwa sababu inapatikana mjini leo leo, fundi yupo, na taa za akiba zipo. Kwa maji ya kunywa ni kifaa kizuri. Kwa maji ya bahari usikifunge. Chuma hicho kwa kawaida ni daraja la 304, chenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na adui yake mkubwa ni kloraidi. Maji ya bahari yana kloraidi ya gramu 19 hivi kwa kila lita. Kutu haitokei juu ambapo ungeiona mapema: inaanzia chini ya oringi (pete ya mpira ya kuzibia) na kwenye mishono, mahali ambapo maji yamesimama na hewa ni haba, inachimba vitundu vidogo kuelekea ndani. Kabla silinda haijatoboka, tayari imekuwa ikiachia chuma, nikeli na kromiamu kwenye maji ya wanyama wasiovumilia metali. Daraja la 316 linachelewa kidogo, lakini kwa maji ya nyuzi 28 linafuata njia hiyo hiyo.

Tena tazama viungio. Mafundi wa maji hupenda shaba nyeupe au njano kwenye miunganisho, na ndani ya viungio hivyo kuna kopa, yaani shaba nyekundu. Kopa kwa kiwango kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe ya tanki huifyonza na kuirudisha polepole kwa miezi. Hakuna kiungio chochote cha metali kinachostahili kugusa maji ya tanki la matumbawe, kiwe kimepakwa nini.

Tukija kwenye bomba la plastiki, tuchukue la wati 36, maana kwa tanki la lita 400 ndilo tunalolipendekeza. Taa yake ni PL-L (umbo lile lile la mirija miwili, ila refu) yenye kitako cha 2G11 cha pini nne, na hutoa UV-C ya wati 12 hivi. Ndani kuna bomba la kioo cha kwatsi linaloitenga taa na maji. Kwatsi inapitisha UV-C, na ile nafasi ya hewa kati ya kioo na taa inaiacha taa ifikie joto lake, karibu nyuzi 40, ambapo hufanya kazi vizuri zaidi. Ukipima bomba lenye upana wa ndani wa sentimita 7.5, kioo cha sentimita 4.5, na urefu unaowaka wa sentimita 33, unapata chumba cha maji cha mililita 900 na ushei.

Sasa hesabu. Ukisukuma lita 1,000 kwa saa, maji yanakaa mbele ya taa sekunde 3.4 hivi, na baada ya kutoa hasara za kioo, uchafu na uzee wa taa, dozi inakuja karibu 37,000. Inatosha kwa mwani unaoelea na bakteria. Ukipunguza hadi lita 400 kwa saa, muda unakuwa sekunde 8.4 na dozi inapanda hadi 90,000 na kidogo. Ni taa ile ile na umeme ule ule, ila kazi imezidi maradufu. Ni makadirio, na bomba lako likiwa na vipimo tofauti tarakimu zitasogea, lakini uwiano wake haubadiliki.

Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini tusipunguze hadi lita 100? Kwa sababu vimelea na mwani vinazaliana upya ndani ya tanki wakati maji yanasubiri zamu yake. Maji yaliyotibiwa yanarudi kuchanganyika na yasiyotibiwa, kwa hiyo kuzungusha ujazo wa tanki mara moja hakumaanishi kwamba kila tone limepita. Mzunguko mmoja huacha asilimia 37 ya maji bila kupita, mizunguko mitatu huacha asilimia 5, na ili ufikie 99.99 kwa mia unahitaji mizunguko 9.2. Kwa lita 400 kwa saa kwenye tanki la lita 400, hiyo ni kazi ya muda wa saa tisa na robo. Kwa lita 100 ingekuwa siku moja na nusu, na wakati huo huo mwani umeshagawanyika mara kadhaa. Mzunguko mmoja kwa saa ndio mahali pazuri pa kukaa.

Kuupima ni rahisi. Elekeza bomba la kutokea kwenye mtungi wa lita 20 na ushike saa. Mtungi ukijaa kwa dakika 3 kamili, uko kwenye lita 400 kwa saa. Ukijaa kwa sekunde 72, uko kwenye lita 1,000. Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye sanduku la pampu, maana hiyo ni bila kupanda juu, bila kona na bila bomba refu. Nunua pampu ya lita 1,000, weka koki ya plastiki upande wa kutokea, kisha banabana hadi mtungi ukupe dakika tatu. Koki isiwekwe upande wa kuingilia: pampu inayonyimwa maji inachemka na kuvuta hewa.

Ufungaji wenyewe una mambo machache yasiyosameheka. Maji yaingie chini na kutokea juu, au bomba likilazwa, tundu la kutokea lielekee juu, ili hewa isijikusanye. Hewa ikikaa ndani, sehemu ya kioo inakauka, inachemka na kujenga ganda la chokaa. Fundi akikuwekea matundu yote mawili yakiangalia chini kwa sababu "yanapendeza hivyo", mrudishe. Maji yaanze kupita kwenye soksi ya kuchujia au sponji, kwa sababu chembe ya taka ni kivuli, na kimelea aliye nyuma yake hapigwi na mwanga. Bomba la mpira liwe jeusi: lile la uwazi linapitisha mwanga, linaota mwani ndani, na karibu na taa linakuwa gumu na kupasuka. Weka yunioni (kiungio cha kufunguka kwa mkono) pande zote mbili ili uweze kukitoa kifaa bila kumwaga tanki. Waya wa taa uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, tone la maji lidondoke hapo na lisifuate waya hadi kwenye umeme. Balasti, kile kisanduku kinachoipa taa umeme wake, iwe nje ya kabati, juu, mahali penye hewa. Ndani ya kabati lenye tanki la chini (lile la kuchujia maji) na mvuke wa chumvi, haitamaliza mwaka.

Taa usiishike kwa vidole vitupu, na ikiguswa, ipanguse kwa spiriti. Kokwa ya kukazia kioo cha kwatsi ikazwe kwa mkono tu. Mtu anayetumia spana hapo ndiye anayekuja kununua kioo kingine. Kabla ya kuwasha taa, endesha maji peke yake kwa muda wa saa nzima ukiwa umefunga karatasi kavu ya shashi kwenye kila kiungio. Shashi ikilowa, umeijua sehemu inayovuja kabla ya umeme kufika.

Suala la joto halikwepeki hapa Pwani. Karibu nguvu yote ya taa inaishia kwenye maji. Wati 36 kwa siku nzima kwenye lita 400 za maji ya bahari zingepandisha joto nyuzi 1.9 kama hakuna lolote linalopotea. Wati 55 zingepandisha 2.9. Sehemu kubwa hupotea kupitia kioo na uso wa maji, lakini tanki ambalo tayari liko nyuzi 28 au 29 mwezi wa Februari au Machi halina nafasi ya ziada. Hiyo ndiyo sababu hatukupendekeza wati 55 kwa kila mtu, ingawa dozi yake ni nzuri zaidi. Dawa ya joto ni uvukizi: lita moja ya maji ikivukizwa huondoa joto la kutosha kushusha tanki hili nyuzi 1.5 hivi. Feni mbili ndogo za kompyuta zikipuliza juu ya uso wa maji zinafidia taa ya wati 36 kwa kuvukiza lita moja na robo ya ziada kwa siku. Maji ya kujazia yawe yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO (ile ya utando unaozuia chumvi), kwa sababu chumvi haivukizwi. Wakati wa masika unyevu wa hewa unapanda na feni zinazembea. Kwa hiyo fuatilia kipimajoto hasa kipindi hicho, hata kama nje kuna baridi ya mvua.

Umeme: wati 36 mchana na usiku ni uniti 26 hivi za tokeni kwa mwezi, na pampu ya wati 10 inaongeza uniti 7. Hilo linavumilika. Kinachouma zaidi ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Balasti za elektroniki hufa hapo, na kila kuwaka upya kunapunguza umri wa taa. Kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika kadhaa umeme urudi ukiwa umetulia, kifungiwe na hapa pia. Hatari nyingine ni pampu kukwama kwa konokono au chumvi huku taa inaendelea kuwaka: maji yaliyosimama ndani ya bomba yanapata moto, plastiki inalegea, oringi inapinda. Kutazama maji yanavyotoka kila asubuhi wakati wa kulisha samaki kunatosha.

UV ina manufaa gani hasa? La kwanza kwa Mombasa, na hili wauzaji wa ng'ambo hawalitaji kwa kuwa wateja wao wanachanganya chumvi ya pakiti, ni kutibu maji mabichi ya bahari. Wengi wetu tunachota. Chota maji yakiwa yamejaa, ufuo unaotazama bahari kuu, mbali na mikono ya bahari ya Tudor, Kilindini na Mtwapa. Kaskazi ndio msimu wa maji maangavu. Kusi hukoroga na kuleta mwani wa kuoza ufukweni, na baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa hadi chumvi irudi karibu na 35 kwa elfu. Maji yapitishe kwenye chujio la mikroni 5, uyatie kwenye pipa, halafu uyazungushe kupitia UV usiku kucha kwa mzunguko mmoja kwa saa, huku mashine ya hewa ikiwaka. Planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea, wakifa wanaoza na kutoa amonia. Pima kabla ya kuyatumia, na uyape siku nzima. Mafuta ya meli, metali na mbolea havigusiki kwa UV, kwa hiyo maji machafu yatabaki machafu hata yakiwa hayana kiumbe hai.

La pili ni madoa meupe. Cryptocaryon hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, hushuka, hujifungia kwenye ganda juu ya mawe au mchanga, na baada ya siku chache hadi wiki kadhaa hutoa wachanga wanaoogelea kutafuta samaki. Wachanga hao ndio pekee wanaoweza kupita kwenye taa, na wana siku moja au mbili za kuishi bila samaki. UV hupunguza idadi yao, na samaki mwenye kinga nzuri anaweza kuhimili waliobaki. Haiponyi. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anayepatikana kwenye bahari yetu na kupendwa na kila mtu, huugua kwanza kuliko wote, na hataokolewa na taa. Matibabu ni kumhamishia tanki la pembeni lenye dawa ya kopa au chumvi iliyoshushwa, na kuacha tanki kubwa bila samaki kwa siku 76. Muuzaji anayekuambia UV inamaliza madoa meupe anakuuzia maneno.

La tatu ni dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye mapovu unaofunika mchanga na matumbawe wakati naitreti na fosfeti zimeshuka hadi sifuri. Hapa kifaa kinaweza kufanya maajabu, au kisifanye lolote, kutegemea spishi. Ostreopsis huachia mawe usiku na kuelea, na hapo taa inamkamata. Amphidinium wakubwa hubaki kwenye mchanga usiku na mchana, na UV yoyote ni bure kwao. Kwa hiyo darubini ya shule inayokuza mara 400 ije kabla ya kununua taa. Mkiwa na Ostreopsis, kadirio linalotumika ni wati 1 kwa kila lita 11 hivi, ambalo kwa lita 400 ni zile zile wati 36. Maji yachotwe kutoka kwenye tanki la maonyesho lenyewe na kurudishwa humo humo, yasipitie tanki la chini, kwa sababu dinoflajeleti anayeelea juu usiku hafiki chini kwa wingi. Pandisha naitreti na fosfeti zionekane kwenye vipimo, la sivyo atarudi ukizima.

Zima taa unapotia bakteria wa chupa, kwa siku moja au mbili, na unapotia dawa, maana baadhi huvunjwa na mwanga huo. Anayelisha matumbawe kwa fitoplanktoni (mwani mdogo unaoelea) azime taa kwa saa mbili tatu, mara moja kwa siku na si zaidi, kwa sababu ya umri wa taa. Azime taa, pampu aiache iendelee.

Matengenezo ndiyo yanayowashinda wengi. Kioo cha kwatsi hushika ute wa bakteria na chokaa, na kwa joto letu ndani ya miezi miwili au mitatu kimeshapata utando wa kuzuia sehemu kubwa ya mwanga. Kitoe, kilaze kwenye siki au maji ya ndimu kwa saa moja, kifute kwa kitambaa laini, kisuuze. Usitumie steelwaya: mkwaruzo ndio makazi ya chokaa itakayofuata. Oringi ipakwe grisi ya silikoni. Vaselini ni ya mafuta ya petroli, na mipira ya aina nyingi huvimba ikipakwa.

Taa ya PL-L ina umri wa saa 9,000, ambazo ni siku 375. Baadaye itaendelea kuwaka samawati vizuri tu huku UV-C yake ikiwa imepungua, na hapo ndipo mtu anapolaumu kifaa. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko siku unapoifunga. Iliyozeeka ifungwe kwenye gazeti na mfuko, isipasuliwe. Ndani kuna zebaki.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo haya: je, ni volti 240 na hezi 50? Vifaa vya soko la Marekani ni volti 120, na balasti yake itaungua siku ile ile. Je, taa ni ya kitako cha 2G11, au ni ile ndefu iliyonyooka yenye pini nne upande mmoja? Hiyo iliyonyooka ndiyo inayotumiwa na mashine za maji ya kunywa, kwa hiyo urefu na wati zikilingana, ya akiba utaipata mjini. Ikiwa ni 2G11, agiza taa mbili, kioo kimoja cha kwatsi na seti mbili za oringi kwenye mzigo ule ule. Kioo kifungwe peke yake kwenye bomba la PVC lenye sponji pande zote. Kikiachwa ndani ya kifaa safarini, mara nyingi hufika vipande.